Nahesabu kalori 1,400 kwa siku, mbona mizani inashuka kwa kusuasua?

SWALI

Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Nina miaka 41 na urefu wa sentimita 158. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 86. Mama yangu ana kisukari, nami sitaki kufika huko, kwa hiyo nilipakua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu nikajiwekea 1,400 kwa siku. Siku haipiti bila kuandika. Leo nina kilo 83 na nusu tu, na kuna wiki napanda badala ya kushuka. Mwenzangu kazini alikunywa chai ya kupunguza mwili, akashuka kilo nane kwa mwezi mmoja. Mume wangu ananiambia niache kujitesa, maana nyumbani tunakula sinia moja na mimi nakaa pembeni na simu. Nishuke hadi 1,000? Au mwili wangu ndio umegoma?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Usishuke hadi 1,000. Ningependa upande hadi 1,600, lakini ziwe 1,600 za kweli. Nitakueleza kwa nini, na naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu jibu lako limo ndani ya namba ulizonitumia mwenyewe.

Umepungua kilo 2.5 kwa wiki 12. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya kalori 7,700 hivi, kwa hiyo kilo ulizopoteza ni kama kalori 19,000. Ukizigawa kwa siku 84, unapata upungufu wa kalori 230 hivi kwa siku. Huo ndio upungufu ambao mwili wako umeupata hasa, si ule ulioandikwa kwenye simu.

Sasa tuje upande wa matumizi. Ipo kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 ambayo wataalamu wa lishe tunaitumia sana. Inasema mwanamke wa umri, urefu na uzito uliokuwa nao mwanzoni hutumia karibu kalori 1,480 kwa siku hata akilala kitandani kutwa nzima. Ongeza kusimama darasani, kufua, kupika, kwenda sokoni na kurudi, unafika 2,100 au zaidi kidogo. Kama kweli ungekuwa unakula 1,400, upungufu wako ungekuwa 700 kwa siku, na leo ungekuwa umepungua kilo sita au saba. Mwili umeonyesha upungufu wa 230. Maana yake unakula kati ya 1,850 na 1,900, na kuna kalori kama 450 zinazopita kila siku bila kuandikwa. Hiki ni kipimo cha kukadiria, kinaweza kukosea kwa mia moja huku au huku, lakini pengo ni kubwa mno kuwa kosa la kanuni.

Tafadhali usisome maneno hayo kama mtu anayeambiwa muongo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichunguza watu waliolalamika kuwa wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Waliwapima kwa njia ya kuwanywesha maji yenye alama maalumu na kufuatilia alama hiyo kwenye mkojo, njia inayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani bila kutegemea maneno ya mtu. Miili yao ilikuwa inaunguza nishati kawaida kabisa. Walichokuwa wakila kilizidi walichokiandika kwa karibu mara mbili. Mwaka 2002, huko huko Marekani, kipimo hicho kilifanywa kwa wanawake wa kawaida na kwa wanawake ambao kazi yao ni ushauri wa lishe. Wa kawaida waliandika pungufu kwa zaidi ya kalori 400 kwa siku. Washauri wa lishe nao, watu wanaoishi na majedwali ya vyakula, walipungukiwa na zaidi ya 200. Kwa hiyo pengo lako la 450 ni pengo la binadamu wa kawaida anayejitahidi. Tena wewe una mzigo wa ziada: unatumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya jiko la watu wengine.

Tuanze na nazi, kwa sababu kwa jiko la pwani ya kusini sidhani kama kuna mahali pengine pa kuanzia.

Ukiandika "wali" kwenye simu, programu inakupa wali mweupe uliochemshwa kwa maji, kalori 130 kwa gramu 100. Wewe hujala wali huo. Nazi moja iliyokomaa vizuri, ukishaikuna kwenye mbuzi, hutoa gramu 300 hivi za nazi, na theluthi ya hizo ni mafuta. Ukimimina maji ya uvuguvugu, ukakamua, ukarudia mara ya pili na ya tatu mpaka machicha yawe makavu, zaidi ya nusu ya mafuta hayo yameingia kwenye tui. Hiyo ni gramu 55 za mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kwa hiyo nazi moja iliyokamuliwa vizuri inaingiza kalori kama 500 kwenye sufuria. Nazi mbili kwenye wali, moja kwenye mbaazi, hizo ni 1,500 ambazo simu haizijui. Mkigawana watu sita, kila mmoja amekula 250 za tui peke yake. Bado hatujataja mafuta ya kukaangia kitunguu, ambayo kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120.

Sikuambii uache nazi. Nitakuwa mtu wa ajabu nikimwambia mwanamke wa Mtwara aache nazi. Nakuambia uipime, na upimaji wake ni rahisi kuliko unavyodhani ukiacha kupima sahani na ukaanza kupima sufuria.

Tafuta mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri. Pima sufuria yako ya wali ikiwa tupu, andika uzito wake kwa kalamu isiyofutika ukutani karibu na jiko. Utaandika mara moja tu. Tuseme ni gramu 900. Siku ya kupika, andika kinachoingia kikiwa kibichi: mchele kilo moja, ambao ni kalori 3,600, na tui la nazi mbili, 1,000. Jumla 4,600. Wali ukishakauka, pima sufuria na vilivyomo. Ikisoma gramu 3,800, toa 900 za sufuria, wali wako una gramu 2,900. Gawa 4,600 kwa 2,900, unapata kalori 1.6 hivi kwa kila gramu. Bakuli lako likiwa na gramu 300, umekula 480. Simu ingekuambia 390. Tofauti ya 90 inaonekana ndogo, lakini ni ya chakula kimoja, upande wa wali tu.

Fanya hivyo hivyo kwa mbaazi, kwa kisamvu, kwa mchuzi wa samaki, kwa ugali wa muhogo. Ugali hasa, kwa sababu watu huchanganya uzito wa unga na uzito wa ugali wenyewe. Unga mkavu una kalori 350 hivi kwa gramu 100, ugali uliosongwa umebeba maji mengi, na kila mkono una ugumu wake. Hakuna programu inayojua ugali wako mgumu kiasi gani. Ukishapima kila chakula cha nyumbani mara mbili au tatu utakuwa na namba zako mwenyewe, na baada ya hapo hutahitaji kupima kila siku, isipokuwa ukibadilisha idadi ya nazi. Kwa vyakula vibichi, yapo majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo Kikuu cha Harvard. Mna vyakula vyetu vingi ambavyo simu haina. Afisa lishe wa halmashauri anaweza kukusaidia kuyasoma.

Ukitaka kupunguza bila familia kulalamika, tumia tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu kwenye wali, na lile zito la kwanza lihifadhi kwa mboga ya siku hiyo. Badala ya nazi tatu umetumia mbili, ladha ipo, na kila mlaji amepunguziwa kalori zaidi ya 80. Dafu, kwa upande mwingine, lisikutishe. Maji ya dafu yana kalori kama 20 tu kwa gramu 100. Watu huogopa dafu na hawaogopi tui, wakati mambo yako kinyume.

Sinia ni suala jingine, na hapa nitasimama kidogo upande wa mume wako. Kula pamoja ni jambo jema na usijitenge. Lakini hakuna mtu duniani anayeweza kuhesabu matonge aliyochota kwenye sinia la watu sita huku akizungumza. Ukiandika "wali kikombe kimoja na nusu" baada ya kunawa mikono, unakisia. Kabla wali haujapakuliwa, pakua wako kwenye bakuli, upime, kisha uumimine kwenye sinia upande wako. Unakaa na wenzako, unakula kwa mkono, unamaliza upande wako. Tonge la nyongeza ukilichota kwa mwenzako, unajua umelichota. Simu iache chumbani. Utaandika baadaye, kwa sababu ulishapima kabla. Nadhani nusu ya malalamiko ya mzee ni ile simu kwenye mkeka.

Halafu korosho. Hukuzitaja kwenye barua yako, na ndiyo sababu nazitaja. Msimu ukifika, hakuna nyumba ya Mtwara isiyo na korosho, iwe za kununua au zilizotoka shambani Newala na Tandahimba. Korosho nzima 18 au 20 ni gramu 28 hivi, na zina kalori karibu 160. Zinajaa kwenye kiganja kimoja bila kukibana. Anayekula akiwa amekaa mezani na bakuli dogo anajua amekula ngapi. Anayebangua za kuchoma uani, kinachovunjika kinaingia mdomoni, na vilivyovunjika havihesabiki kwa sababu "ni vipande". Ni kweli kwamba mwili haunyonyi mafuta yote ya korosho, maana sehemu inapita bila kusagwa vizuri, lakini hata ukipunguza kidogo kwa ajili hiyo, viganja viwili vya jioni ni chakula kizima. Korosho ni chakula bora, zina protini na madini, na nisingependa uziache. Hesabu 15, ziweke kwenye kisahani, funga chombo. Vipande navyo vipimwe.

Sukari ya chai nitaipitia haraka: kijiko kidogo kilichosawazishwa ni kalori 16, kilichojaa kilima ni zaidi ya 25, na chai za ofisi ya walimu huwekwa vilima. Soda ya chupa ya mililita 350 ni kalori 140 au 150. Andazi na kitumbua vimeiva ndani ya mafuta, usiviandike kama mkate.

Jumlisha: tui la wali 90, nazi na mafuta ya mboga 140, korosho 160, sukari na tonge la ziada 60. Tumefika 450 bila mtu yeyote kufanya uroho.

Sasa mizani, kwa sababu nahisi ndiyo inayokuumiza moyo kuliko kitu kingine.

Mafuta hupungua kwa gramu chache kila siku. Ukiwa na upungufu wa 230, unapoteza gramu 30 za mafuta kwa siku. Mizani ya chumbani haiwezi hata kuziona. Lakini maji ya mwilini hupanda na kushuka kilo nzima au mbili ndani ya siku mbili. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukila pilau ya harusi Jumamosi, Jumatatu unaweza kuwa umepanda kilo moja na nusu bila kuongeza mafuta ya maana. Chumvi ya samaki mkavu hushika maji. Siku za kabla ya hedhi hushika maji, kwa wanawake wengine hadi kilo mbili. Usiku wa kukosa choo nao una uzito wake. Anayesimama ufukweni Shangani na kutazama wimbi moja hawezi kujua kama bahari inajaa au inakupwa. Wiki ulizopanda hazikuwa wiki za kushindwa. Yalikuwa maji.

Kwa hiyo jipime asubuhi, umeshatoka chooni, hujanywa kitu, umevaa nguo nyepesi ile ile, kwenye mizani ile ile iliyokaa juu ya sakafu ngumu. Mara tatu kwa wiki inatosha. Zijumlishe, gawa kwa tatu, hiyo ndiyo namba ya wiki. Usilinganishe wiki hii na iliyopita. Linganisha wiki hii na ile ya wiki nne nyuma, ili mzunguko wako wa hedhi uwe mahali pamoja pande zote mbili. Na nunua futi ya fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa kitovu, kila baada ya wiki mbili. Wapo wanawake ambao mizani imesimama mwezi mzima huku kiuno kimepungua sentimita tatu. Dera halitakuambia hilo, dera hukubali kila mwili. Gauni la kitenge lililoshonwa kwa kipimo litakuambia.

Kuna jambo jingine ambalo programu za simu haziwaambii watu. Zinachukua upungufu wa leo na kuuzidisha kwa miezi, kana kwamba mwili utabaki vile vile. Haubaki. Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kuliko mwili mzito, kwa hiyo upungufu ule ule unazidi kuwa mdogo kadiri unavyopungua. Mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha hesabu zake mwaka 2011 kwenye jarida la The Lancet. Kwa ufupi: kila kalori 24 unazozipunguza kwa siku, na ukaendelea hivyo siku zote, mwishowe zitakuondolea kilo moja. Lakini nusu ya safari hiyo huchukua karibu mwaka mmoja, na karibu yote huchukua miaka mitatu. Ukipunguza kalori 200 kwa siku bila kurudi nyuma, hiyo ni kilo nane, nne kati yake zikiwa za mwaka wa kwanza. Ukiisoma kwa haraka inakatisha tamaa. Mimi naona inamwondolea mtu lawama: kupungua polepole ndiyo tabia ya kawaida ya mwili wenye afya, na wewe kwa miezi mitatu tayari umekuwa mbele ya mwendo huo.

Ndiyo maana sitaki ushuke hadi 1,000. Ukiweka 1,000 kwenye simu bila kuziba matundu tuliyoyaona, utakula 1,400 au 1,500 za kweli, utakuwa na njaa, na bado utajilaumu. Ukizishika kweli, utapoteza misuli pamoja na mafuta, utasimama darasani kipindi cha nne ukiwa na kizunguzungu, na Ijumaa jioni njaa itakushinda. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha vijana 36 waliojitolea chakula pungufu sana kwa miezi sita. Wao walikuwa wembamba na wewe siyo, kwa hiyo hutapata yote yaliyowapata. Lakini walianza kuwaza chakula usiku na mchana, wakawa wakali, wakachoka, na miguu yao ikavimba maji hata mizani ikaficha kiasi walichokuwa wamekonda. Njaa kali huvuruga akili kabla ya kuurekebisha mwili.

Kuhusu chai ya mwenzako: nyingi za aina hiyo humfanya mtu aende chooni mara kwa mara. Kilo nane za mwezi mmoja ni maji, misuli na choo kwa sehemu kubwa, na maji hurudi mtu akishaanza kula. Kupungua kwa kasi namna hiyo huongeza hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kuharisha kwa muda mrefu huvuruga chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, ambayo moyo unaitegemea. Mwombee heri, usimwige. Kama anapata mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au anaishiwa nguvu, mwambie aende hospitali leo, asisubiri.

Turudi kwenye 1,600. Kwa uzito wako wa sasa unatumia karibu 2,070. Ukila 1,600 zilizopimwa sufuriani, upungufu ni 470, yaani kama kilo moja na nusu au zaidi kidogo kwa mwezi, mwanzoni. Ni mara mbili ya mwendo wako wa sasa, na kwenye simu utaonekana umeongeza chakula.

Kwenye sahani, anza na protini, kwa sababu ndiyo inayoshibisha na kulinda misuli. Mtwara hapo hamna shida: samaki wa kuchoma au wa kuchemsha na ndimu, gramu 100 hutoa karibu gramu 20 za protini kwa kalori mia na kidogo. Samaki huyo huyo akizamishwa kwenye mafuta anaongezeka sana. Dagaa, mayai, kunde, choroko, mbaazi zenyewe. Mchicha na matembele jaza, ila mafuta yake yapime. Wanga chagua mmoja kwa mlo: kama kuna wali, mihogo na ming'oko visubiri zamu yao. Mwezi wa Ramadhani, kama unafunga, tatizo haliwi saumu bali futari ya mihogo, magimbi na tambi vyote vya nazi kwa usiku mmoja. Chagua kimoja cha nazi, vingine vichemshwe. Wiki za harusi na unyago ujiruhusu ule 2,000, ubaki na uzito ule ule, kisha uendelee. Kusimama kwa makusudi hakuharibu kitu.

Tembea. Saa moja ya mwendo wa haraka inakupa kalori 200 hivi za ziada, siyo 500 kama saa nyingine za mkononi zinavyodai, kwa hiyo usizile jioni. Faida kubwa ya kutembea haipo kwenye mizani. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, kwa watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 kwa muda wa karibu miaka mitatu. Dakika 150 ni nusu saa siku tano. Asilimia 7 kwako ni kilo sita, yaani kufika 80. Umebakiza tatu na nusu. Uliniambia sababu yako ni kisukari cha mama. Basi lengo lako liko karibu kuliko unavyofikiri, wala halihitaji uwe na umbo la msichana wa miaka ishirini.

Utasikia maneno. Pwani yetu mtu akipungua huulizwa anaumwa nini, au mume anamfanyia nini. Mama mkwe atakuongezea wali kwa upendo. Huna haja ya kumweleza kila mtu. "Natunza sukari, mama ameugua" ni jibu la kweli na halina ubishi. Mume wako mweleze zaidi: mwonyeshe hesabu ya sufuria, mpe kazi ya kusoma mizani. Mtu aliyeshirikishwa halalamiki kama mtu anayetazama.

Kabla ya yote hayo, nenda kapimwe, kwa kituo kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Ligula. Pima sukari ya damu asubuhi kabla ya kula, na presha. Mwambie daktari kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, maana kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito, asipoambiwa hatakisia. Mwambie pia kama unasikia baridi kuliko wenzako, unachoka, nywele zinakatika, choo kigumu, au hedhi inaruka, ili aangalie tezi ya shingoni na homoni. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Na kama kuna uwezekano wa mimba, sahau ushauri huu wote mpaka uhakikishe.

Baada ya wiki nne niandikie tena. Nitataka namba ya wiki ya kwanza na ya tano, kiuno, majibu ya sukari, na kalori kwa gramu moja ya wali wako na mbaazi zako. Mizani ikiwa imeshuka chini ya kilo moja, usibadilishe chakula kabla hujaniandikia; tutaanza kwa kupima upya sufuria.